Mita Mia Tatu Kaskazini

Watu husema baba mkwe wangu ni mtu mgumu. Kwa miaka sita ya ndoa mimi sikujua, kwa sababu sikuwahi kumpa mkono wala kuketi naye meza moja. Ndiyo desturi yetu Wabukusu: mke wa mwana na baba mkwe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Akiingia kwa mlango huu, mimi nilitoka kwa ule. Chakula chake nilikipika mimi, akakipeleka mwingine. Tukikutana njiani, nilipinda kando nikasimama mpaka apite.

Ingekuwa rahisi kama angekuwa baba mkwe tu. Lakini Mzee Eliakim alikuwa pia mwenyekiti wa bodi ya shule niliyofundisha, sekondari ya kutwa huku upande wa Kabuchai, nami nilikuwa mwalimu wa bodi. Maana yake serikali haikunijua. Nilikuwa na digrii, nilikuwa na miaka minne darasani nikifundisha Jiografia, na kibarua changu kilitegemea kamati aliyoiongoza yeye. Akitaka kuniambia jambo la kazi, alimwambia mwalimu mkuu, Bwana Mukhisa, na mimi nimesimama pale pale nasikia. "Mwambie mwalimu aharakishe silabasi." Bwana Mukhisa akanigeukia: "Madam, harakisha silabasi." Nikajibu, naye akamgeukia mzee na kumpa jibu langu kana kwamba limetoka Nairobi. Tuliendesha shule hivyo miaka minne na hakuna aliyecheka.

Nyumba niliyolala ilikuwa ndani ya boma lake. Mume wangu, Wakoli, alifanya kazi ya mizigo mpakani Malaba na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nilikuwa nimebanwa pande zote kabla hata ya mambo ya ramani.

Mambo ya ramani yalianza mwaka wa 2009, mwezi wa pili, nilipopelekwa Kitale kwa mafunzo ya wiki moja. Shirika fulani lilitaka walimu wa Jiografia wajifunze kuchora ramani kwa kompyuta, ili watoto waache kuikariri dunia kama katekisimu. Tulikuwa walimu ishirini kutoka Trans-Nzoia na Bungoma. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Mlima Elgon anayeitwa Kiptum, mpole, mwenye kumalizia kila sentensi na "bana". Alitutembeza kwenye mahindi ya chuo tulimosomea tukiwa tumeshika vifaa vya GPS, vidogo kama simu, akatufundisha kuchukua pointi, kuziingiza kwenye kompyuta na kuziunganisha mpaka shamba zima likatokea kwenye skrini. Nilikuwa nimefundisha ramani miaka minne, lakini siku ile ndiyo nilielewa kwamba ramani ni kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kutengeneza. Nilirudi na GPS moja ya kuazima, CD moja, na kiburi.

Kidato cha tatu wote walitaka kukishika kile kifaa. Nikawaambia, nakumbuka maneno yangu mwenyewe, "Mtu anaweza kukudanganya. Mzee anaweza kusahau. Lakini hiki kinaongea na setilaiti. Hakijui wewe ni mtoto wa nani." Laiti mtu angenizaba kofi pale pale.

Aliyekipenda zaidi ni Phelista. Msichana mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kuhesabu hatua zake akitembea. Mama yake, Wilkista, ni mjane wa marehemu Wekoye, na shamba lao limepakana na shule upande wa kaskazini. Phelista aliniuliza siku hiyo hiyo ya kwanza, "Madam, kwa hivyo mtu akijua kutumia hii, hakuna mtu anaweza kumnyima kwao?" Nikamwambia hakuna. Nilisema bila hata kufikiri.

Mradi wetu ulikuwa rahisi. Tungepima mpaka wa shule, halafu tulinganishe na mchoro wa mpimaji wa mwaka wa 1974, ambao Mzee Eliakim alikuwa ameutunza nyumbani kwenye bahasha. Pande tatu za shule zilikuwa zimezungukwa na miwa iliyokomaa, na hakuna mwalimu mwenye akili anayeingiza watoto arobaini kwenye miwa. Tukapima upande mmoja tu, ule wa kaskazini, penye ua wa kwa Wilkista. Kwenye ua huo umesimama mstari wa miti ya lusiola, ile ya maua ya manjano ambayo watu wetu hupanda mipakani. Ilipandwa na Wekoye pamoja na wazee wa bodi ya kwanza, na mashina yake ni manene kuliko kiuno changu.

Niliingiza kwenye kompyuta namba za bikoni mbili za kaskazini, yale mawe ya mpimaji ya mpakani, kutoka kwenye ule mchoro. Mstari ukatokea. Haukutokea kwenye ua. Ulitokea mbele zaidi, karibu mita mia tatu kaskazini, kule chini kwenye kijito. Shamba la Wilkista ni jembamba na refu, kama mashamba mengi ya huku, linaanzia kwenye ua wetu na kutelemka mpaka majini. Ekari nne na nusu. Zote zilikuwa ndani ya shule: nyumba, migomba, kaburi la Wekoye, kila kitu.

Phelista akaomba arudie kupima. Akaenda peke yake, akatembea kando ya ua wa kwao na kifaa mkononi, polepole, akisimama kila hatua kumi. Akarudi. Matokeo yakawa yale yale. Akaenda tena.

"Ni ya shule," alisema mwishowe. Akakaa chini, akaichora ramani safi kwenye karatasi kubwa, akalipaka shamba la mama yake rangi ya kijani, ile niliyowafundisha kutumia kwa ardhi ya shule.

Ningepaswa kushuku. Miti ilikuwa imesimama pale miaka thelathini na mitano, wanakijiji wote wakiiona. Lakini nilikuwa nimewafundisha watoto mwezi mzima kwamba mti ni porojo na namba ndiyo ushahidi, na mimi mwenyewe nikawa mwanafunzi mwema kuliko wote.

Bwana Mukhisa aliipeleka ramani kwa mwenyekiti. Siwezi kusema mzee alikuwa na nia mbaya. Alikuwa na hamu ya miaka mingi kuona shule ile ikiwa ya bweni kabla hajafa, na hapakuwa na mahali pa kujenga mabweni. Aliitazama ramani kwa muda mrefu, akaikunja kwa adabu, akasema, "Mwambie mwalimu amefanya kazi ya mwanamume." Hilo lilikuwa neno zuri la kwanza kutoka kwake katika miaka sita. Nilifurahi, siwafichi. Nilitembea kurudi nyumbani nikiimba.

Mwezi wa nne, shule zilipofungwa, nilikwenda Kitale kuomba tuongezewe muda wa kukaa na GPS. Nilibeba na ramani, kusema kweli ili nisifiwe. Kiptum aliitandaza mezani.

"Safi sana, bana. Huyu mtoto amechora." Kisha akainama. "Hii mchoro ya seventy-four, uliibadilisha kwanza?"

"Kuibadilisha vipi?"

"Si hizo za zamani zote ni Arc 1960? Na GPS ikitoka kiwandani inatumia kipimo kingine cha dunia. Ukichanganya hivyo viwili, kila kitu kinasonga. Huku kwetu inasonga kama mita mia tatu, bana. Nilisema siku ya kwanza."

Nilitoa daftari langu la mafunzo nimwoneshe kwamba hakusema. Ukurasa wa pili, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimepiga mstari chini mara mbili: *Badilisha kipimo KABLA ya kuingiza namba za ramani ya zamani.*

Alifungua kompyuta, akabonyeza hapa na pale. Haikuchukua hata nusu dakika. Ule mstari uliinuka kutoka kwenye kijito, ukapanda shamba lote la Wilkista, ukakaa kwenye ua juu ya miti ya lusiola. Akanichapishia nakala. "Iko shida?" aliniuliza, maana nilikuwa nimeshika meza.

"Hakuna," nikasema. Hilo lilikuwa Jumanne.

Jumatano asubuhi nilikuwa nyumbani kwa Bwana Mukhisa na ile nakala mkononi. Ni mtu mwema, Bwana Mukhisa, ila ameishi na wenyeviti watano wa bodi na wote wamemwacha akiwa amejikunja zaidi. Aliisoma, akainuka akafunga mlango.

"Madam, unajua tumepata nafasi moja ya Jiografia ya serikali?"

"Najua." Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo miaka minne.

"Unajua ni nani atakaa kwenye kiti siku ya intavyuu?"

"Najua."

"Basi wewe ngoja upate barua yako. Halafu ndio ugundue."

"Na Mama Wilkista?"

"Hiyo ni mambo ya karatasi tu kwa sasa. Umeona tingatinga hapa? Si hakuna?" Akaitia nakala kwenye droo yake, akaifunga kwa ufunguo. Nilimwachia. Ningeweza kuinyakua, na sikuinyakua.

Nilimpigia Wakoli simu. Akasikiliza mpaka mwisho. "Ati unataka kumwambia baba yangu amekosea?"

"Aliyekosea ni mimi."

"Yeye ndiye ameenda kwa chifu na hiyo ramani, Lenah. Ameambia kanisa. Ukisema ni mbaya, ni yeye ameaibika. Na utasema kupitia nani? Halafu ukishasema, utalala wapi?"

Kwangu kulikuwa kwake, kazi yangu ilikuwa yake, na mdomo wangu mbele yake ulikuwa wa Bwana Mukhisa, ambaye alikuwa ameufunga kwenye droo. Hata kama ningetaka kumwendea mzee mwenyewe, ningeanzaje? Ningeshika wapi? Mke wa mwana hasimami mbele ya baba mkwe akaanza kusema. Hakuna hata salamu ya kuanzia.

Nikakaa kimya. Wiki moja, ya pili, ya tatu. Kila asubuhi nilipita kando ya ua wa Wilkista, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kwenda shule, ambako tulikuwa na masomo ya ziada ya likizo, na kila asubuhi yeye alikuwa pale. Ulikuwa wakati wa kupalilia na alikuwa hajapalilia. Magugu yalikuwa yamefika kwenye magoti ya mahindi. Mtu hapalilii shamba ambalo ameambiwa si lake.

"Mwarimu," aliniita siku moja, "na ukiangaria tena?"

"Tutaangalia, mama," nikasema, nikaongeza hatua. Nilijichukia siku hiyo. Nilianza kuota nimefungiwa kwenye ile droo, pamoja na daftari la mahudhurio na mihuri, na nje nasikia Bwana Mukhisa akimwambia mtu, "Madam hana neno."

Mkutano uliitishwa Alhamisi moja ya mwezi wa tano, kwenye uwanja wa shule. Alikuja naibu wa chifu, bodi nzima, wazazi, wanafunzi. Intavyuu ilikuwa Jumanne iliyofuata. Shule ingemwachia Wilkista nusu ekari penye nyumba na kaburi, naye angetia kidole kwamba ameridhika kwa hiari yake. Wiki nzima nilikuwa nimesikia kwamba amekataa. Nilimwombea aendelee kukataa, ili nisilazimike kufanya kitu. Ndiyo sala za mtu aliyebanwa.

Mzee Eliakim aliamuru mwanafunzi aliyepima aeleze. Phelista akasimama na ile karatasi yake kubwa, wasichana wawili wakaishika ncha. Akaeleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza mimi: setilaiti ni nini, pointi ni nini, kwa nini alipima mara tatu. Alipofika kwenye ile kijani alisema, "Na hapa ndipo nyumbani kwetu. Iko ndani ya shule." Watu wakapiga makofi kidogo, wakaacha, wakiona haya.

Kisha Wilkista akaletewa wino. Niliketi safu ya pili, kati ya mwalimu wa Hisabati na nguzo ya goli, nikatazama. Nilikuwa na muda. Alifunga vizuri leso kichwani, akatafuta mahali pa kuweka mkoba wake, akauliza ni kidole cha mkono gani. Nilikuwa na muda wote huo, na sikuinuka. Akaweka kidole kwenye karatasi ya kwanza, akaweka kwenye ya pili. Akajifuta wino kwenye sketi. Halafu akageuka akinitafuta kwa macho, akanipata.

"Asante, mwarimu," alisema. "Umefundisha mtoto wangu ukweri."

Hapo nikainuka. Sikuwa nimeamua. Miguu ilisimama na mimi nikawa juu yake.

"Bwana Mukhisa," nilisema, kwa kuwa hata wakati ule desturi ilikuwa imenishika ulimi, "mwambie mwenyekiti ile ramani si sahihi. Niliingiza namba vibaya. Mpaka uko kwenye miti."

Bwana Mukhisa alitazama viatu vyake. Hakumgeukia mzee, hakunigeukia mimi. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne, ujumbe wangu haukufika.

Mzee Eliakim alikuwa ameusikia, bila shaka. Alikuwa hatua sita kutoka nilipokuwa, na zile karatasi mbili mkononi. Akasema akiangalia mbele, "Mwambie mwalimu aketi. Mama ametia kidole kwa hiari yake, na serikali iko hapa imeona." Naibu wa chifu akatikisa kichwa kukubali. Jambo lilikuwa limekwisha. Watu walianza kuinua viti.

Nilitembea zile hatua sita. Nasikia mpaka leo jinsi wanawake walivyovuta pumzi nilipopita mahali ambapo ningepaswa kusimama. Nilifika mbele yake, karibu kuliko nilivyowahi kuwa maishani, nikaona ndevu zilizoachwa na wembe kwenye shavu la kushoto. Nikazishika zile karatasi. Hakuziachia. Vidole vyangu vikawa juu ya vyake, na mkono wake ulikuwa wa moto na mkavu, mkono wa mzee wa kawaida.

Mtu alipiga yowe. Mzee aliachia kama aliyeshika kaa la moto, akarudi nyuma, kiti kikaanguka.

"Baba," nikamwambia, yeye mwenyewe, usoni, "nimekosea mimi. Si wewe. Lakini shamba ni la huyu mama." Nikazirarua zote mbili, nikazirarua tena, mpaka vipande havikuweza kushikika.

Mzee alitazama mkono wake, akaushikilia mbali na mwili, akaondoka uwanjani akiwa ameunyoosha hivyo hivyo, na wazee wote wakamfuata. Hakuna aliyezungumza tena habari za ekari. Walikuwa wakizungumza habari za mkono: nani angechinja ili kuutakasa, mnyama gani, na kama mwanamke wa namna ile anaweza kurudi kulala katika boma lile. Sikurudi. Jumanne mtu mwingine alipata nafasi ya Jiografia, kijana mmoja kutoka Myanga, na nasikia anafundisha vizuri.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale uwanjani nilikuwa nimesimama peke yangu, na chini ya hofu yote nilihisi kitu kama furaha. Nilikuwa nimetoka. Phelista alikuwa anakuja kwangu, na ninakiri, nilikuwa nimeshaandaa uso wa kupokea shukrani.

"Madam," alisema, "ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo asubuhi. Nilikuwa tayari nimeshafungua mdomo.

"Wiki tatu," nikasema. "Zaidi kidogo."

Alihesabu. Niliona midomo yake ikihesabu, kama anavyohesabu hatua.

"Mama alikuwa amekataa," alisema. "Wiki yote amekataa, hata chakula. Alisema miti haiwezi kutembea. Jana ni mimi nilimpigia magoti. Nilimwambia mama, nilipima mwenyewe, na madam hawezi kutufundisha uongo." Akatazama miti. "Nilimwambia aone haya."

Wilkista alikuwa amefika nyuma yake, bado anajifuta kidole chenye wino. Hakuwa amesikia. Alikuwa anatabasamu, machozi yanamtoka, akamsukuma binti yake begani taratibu. "Wewe, mtoto. Shukuru mwarimu."

Phelista alikuwa amelelewa vizuri. Alisimama wima, akaweka mikono nyuma kama tunavyowafundisha.

"Asante, madam," alisema. Kisha akamshika mama yake mkono, wakaenda kupalilia.